Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu katalogi za miswada ya Zama za Kati

Maswali haya yanakuja sana, mengine kutoka kwa wanafunzi wa ukutubi, mengine kwa watu wa historia ambao wamefungua katalogi ya maktaba kubwa ya Ulaya wakakuta mistari imejaa vifupisho na tarakimu za Kirumi wakaifunga tena. Nimeyajibu kwa urefu pale panapohitaji, na pale ambapo jibu ni fupi nimeliacha fupi.

Kwani katalogi ya miswada ina tofauti gani na katalogi ya vitabu vya kawaida?

Kitabu cha kuchapwa kina ndugu zake mamia au maelfu, ukishaandika jina la mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji na mwaka umemaliza, mtu akiwa nchi nyingine anajua unaongelea kitabu gani. Mswada, yaani kitabu kilichoandikwa kwa mkono, uko mmoja tu duniani. Hata kama maandishi yaliyomo yamenakiliwa mara mia tano, nakala ile iliyoko mbele yako ina mkono wake, ngozi yake, makosa yake ya kunakili, matobo yake ya wadudu, na watu walioimiliki wakaandika majina yao pembeni. Kwa iyo mtu wa katalogi anaeleza vitu viwili kwa pamoja, maandishi yaliyomo na kitu chenyewe kama kitu.

Alafu kuna jambo la tatu ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote: anatakiwa atenganishe alichokiona na anachodhani. "Rangi nyekundu na bluu, herufi kubwa mwanzo wa kila sura" hicho amekiona. "Paris, karibu 1250" hicho amekidhani, hata kama kwa sababu nzuri sana. Msomaji lazima ajue kipi ni kipi manake miaka hamsini ijayo dhana itabadilika ila alichokiona kitabaki.

Zama za Kati wenyewe walikuwa na katalogi?

Walikuwa nazo, na baadhi ni za kisasa kuliko watu wanavyofikiria. Chuo cha Sorbonne pale Paris kilikuwa na orodha ya mwaka 1338 yenye vitabu 1,722, ambayo kwa wakati ule ni maktaba kubwa sana. Watawa wa Dover kule Uingereza walitengeneza yao mwaka 1389, ikiwa na sehemu tatu: ya kwanza imepangwa kufuata rafu, ya pili inaonyesha kila kitabu kina maandishi gani ndani yake, ya tatu ni faharasa ya alfabeti.

Kitu kimoja walichobuni kinanifanya niwaheshimu sana mpaka leo. Waliandika maneno yanayoanza foli (jani moja la kitabu lenye pande mbili) ya pili ya kitabu. Kwa nini ya pili? Kwa sababu foli ya kwanza ya Biblia yoyote inaanza na maneno yaleyale, lakini wanakili wawili hawawezi kujaza foli ya kwanza sawasawa, mmoja ana mwandiko mnene mwingine mwembamba, kwa iyo ikifika foli ya pili kila nakala iko kwenye neno lake. Mtu akikopa nakala nzuri akarudisha mbovu anakamatwa papo hapo. Na sisi leo tunayatumia maneno hayohayo kutambua kwamba mswada ulioko leo kwenye maktaba fulani ndo uleule ulioandikwa kwenye orodha ya watawa miaka 600 iliyopita.

Foli ni nini, na mbona hamtumii kurasa?

Foli ni jani moja la kitabu, la karatasi au la ngozi, lenye pande mbili. Vitabu vya zamani vilikuwa havina namba za kurasa, na maktaba zilipokuja kuvipa namba zilihesabu foli. Upande wa mbele unaandikwa r, wa nyuma v, basi ukiona 45v maana yake foli ya 45 upande wa nyuma. Kuwa makini kidogo, kuna miswada imepewa namba mara mbili au tatu na watu tofauti kwa karne tofauti, katalogi nzuri itakwambia inafuata namba zipi.

Mbona namba za British Library (maktaba ya taifa ya Uingereza) zina majina ya wafalme wa Roma?

Hilo linamhusu Sir Robert Cotton, mkusanyaji wa miswada aliyefariki 1631, ambaye miswada yake sasa iko kwenye maktaba hiyo. Kabati zake za vitabu zilikuwa na sanamu za vichwa vya wafalme wa Roma juu yake, kwa iyo kitabu kiliitwa kwa jina la kabati, herufi ya rafu, na nafasi yake kwenye rafu. Injili za Lindisfarne ni Cotton Nero D. iv, yaani kabati la Nero, rafu ya D, kitabu cha nne. Kabati hazipo tena ila namba hazikubadilishwa, na ni vizuri hazikubadilishwa, kwa sababu wasomi wa karne tatu wamezitaja namba hizo kwenye maandishi yao na ukizibadilisha umekata uzi wote.

Mkusanyiko huohuo ulipata moto tarehe 23 Oktoba 1731. Vitabu vingine viliteketea, vingine vikaungua kingo, ikiwemo Cotton Vitellius A. xv ambao una Beowulf, shairi la Kiingereza cha kale. Sasa miaka 26 kabla ya moto, 1705, Humfrey Wanley alikuwa ametoa katalogi ya miswada ya Kiingereza cha kale, alipitia kitabu kimoja kimoja akaeleza kilichomo kwa umakini wa ajabu, na yeye ndiye wa kwanza kuitaja Beowulf kwenye chapa. Kwa vile vilivyoungua, maelezo yake ni kati ya ushahidi mkuu tulio nao. Mtu akiniuliza kazi hii ina faida gani, mimi naanzia kwa Wanley.

Nimekaa na mswada mbele yangu, naanzia wapi?

Usianze kusoma. Najua inavuta, ila ukianza kusoma utaona unachokisoma tu na utasahau kuangalia. Anza na jalada: la zamani au limebadilishwa, mbao au karatasi ngumu, lina alama za minyororo au vifungo? Angalia kilichobandikwa ndani ya jalada, mara nyingi mafundi walitumia kurasa za mswada mwingine wa zamani zaidi kama kiimarishio, na kipande hicho wakati mwingine kina thamani kuliko kitabu kizima. Alafu pima: urefu na upana wa foli kwa milimita, na pia pima eneo lenye maandishi, hesabu safu na mistari. Angalia kama ni ngozi au karatasi. Angalia mistari ya kuongozea imechorwaje, kwa ncha kavu inayoacha mfereji, kwa madini ya risasi au kwa wino, na matundu madogo pembeni ambayo mnakili alitoboa ili mistari ilingane.

Baada ya hapo hesabu foli zote mwenyewe, hata kama zina namba. Mtu aliyezipa namba anaweza kuwa aliruka moja.

Kuhesabu vitita kuna umuhimu gani? Kila katalogi ina ile fomula ya ajabu.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu inayodharauliwa na ndo inayosema ukweli mwingi.

Kitabu cha mkono hakikutengenezwa foli moja moja. Fundi alichukua ngozi, akazikunja katikati, akaziweka moja ndani ya nyingine, kwa kawaida nne, zikawa foli nane. Hicho ndo kitita. Vitita vinashonwa kwa uzi katikati ya mkunjo alafu vyote vinashikanishwa kwenye uti wa kitabu. Mtu wa katalogi anachunguza uzi uko wapi na anaandika kila kitita kina foli ngapi. Mfano: 1–10(8), 11(8, ya 6 haipo). Maana yake vitita kumi vya kwanza vina foli nane nane, cha kumi na moja kilikuwa na nane ila ya sita imetoka. Jumla foli 87, na kama wewe umehesabu 88 basi mmoja wenu amekosea, rudi tena.

Kuna misaada ya kukuongoza. Mwisho wa kitita mnakili mara nyingi aliandika pale chini neno la kwanza la kitita kinachofuata, ili fundi wa jalada asichanganye mpangilio, basi ukikuta neno la chini haliendani na mwanzo wa kitita kinachofuata ujue kuna kitu kimepotea au kimehamishwa. Pia ngozi ina upande wa manyoya na upande wa nyama, wa manyoya una rangi ya njano kidogo na vinyweleo vinaonekana. Mwaka 1885 Caspar René Gregory alionyesha kwamba kitabu kikifunguliwa, upande wa manyoya unatazamana na wa manyoya, na wa nyama na wa nyama. Ukifungua mahali ukakuta manyoya yanatazamana na nyama, simama hapo, kuna uwezekano mkubwa foli imekatwa.

Na foli ikiwa imekatwa uliza swali moja zaidi: maandishi yanaruka au yanaendelea? Yakiruka, mtu aliikata baadaye, mara nyingi kwa sababu ilikuwa na picha nzuri. Yakiendelea bila pengo, basi huenda mnakili mwenyewe ndiye aliyeikata alipoharibu, au ilikuwa tupu na mtu akaihitaji ngozi. Hizo ni hadithi mbili tofauti kabisa za kitabu kilekile, na mtu asiyehesabu vitita hawezi kuzitofautisha.

Vitita pia vinakwambia kama kitabu ni kimoja au ni viwili vilivyoshonwa pamoja. Huo mswada wenye Beowulf nilioutaja ni mfano mzuri, sehemu yake ya mbele ni ya karne ya 12 na ile yenye Beowulf ni ya karibu mwaka 1000, havikuhusiana kabisa mpaka vikaunganishwa karne ya 17. Ukiupa mswada kama huo tarehe moja umedanganya, kila sehemu ieleze peke yake.

Mnajuaje mswada ni wa karne gani kama haujaandikwa tarehe?

Mingi haijaandikwa. Michache wanakili waliweka tarehe na majina yao mwishoni, na hiyo ndo nguzo tunayoiegemea, kwa sababu mwaka 1953 wataalamu wa mwandiko wa Kilatini waliunda kamati ya kimataifa ambayo moja ya kazi zake kubwa imekuwa kuchapisha katalogi za miswada yenye tarehe peke yake nchi kwa nchi, Ufaransa wakaanza kutoa juzuu zao 1959. Ukiwa na picha za mwandiko wenye tarehe za uhakika unaweza kulinganisha na ule usio na tarehe. Ila mwandiko peke yake unakupa robo karne ukiwa na bahati, na mara nyingi nusu karne, kwa sababu mnakili mzee wa miaka 65 anaandika alivyofundishwa akiwa kijana.

Kwa iyo tunatafuta ushahidi mwingine. Neil Ker, ambaye kwa maoni yangu hakuna aliyefanya kazi hii vizuri kumzidi kwa upande wa Uingereza, alionyesha mwaka 1960 jambo dogo sana: wanakili wa zamani walianza kuandika juu ya mstari wa kwanza uliochorwa, na karibu 1230 wakahamia kuanza chini yake. Hamna aliyeamuru, ilitokea tu, na leo ukifungua mswada jicho linaenda hapo moja kwa moja.

Kalenda za watakatifu ni hazina. Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury Uingereza, aliuawa Desemba 1170 akatangazwa mtakatifu 1173. Ukikuta sikukuu yake tarehe 29 Desemba imeandikwa na mkono uleule ulioandika kalenda yote, mswada ni wa baada ya 1173. Ikiwa imeongezwa na mkono mwingine pembeni, kalenda yenyewe inaweza kuwa ya kabla. Ikiwa imekwanguliwa, mswada ulikuwa Uingereza mwaka 1538 au baadaye, pale mfalme Henry wa Nane alipoamuru jina hilo lifutwe vitabuni. Yaani jina moja tu linakupa ushahidi wa aina tatu. Fransisko wa Asizi naye alitangazwa 1228, ukimkosa kwenye kalenda ya Italia inayoonekana ya katikati ya karne ya 13 lazima ujiulize kwa nini.

Kama ni karatasi, inua foli kwenye mwanga utafute alama ya maji, yaani mchoro ulioachwa na waya wa kiwanda. Charles-Moïse Briquet alichapisha 1907 michoro zaidi ya 16,000 ya alama hizo, na waya zilichakaa na kubadilishwa mara kwa mara, kwa iyo alama inayofanana kabisa inakusogeza kwenye miaka michache. Inayofanana kidogo haina maana, hapa watu wanajidanganya sana.

s. xiii in., s. xiv ex., hizo ni nini?

Vifupisho vya Kilatini vya tarehe. s. ni karne, tarakimu ya Kirumi ni karne ipi, in. ni mwanzo wake, med. katikati, ex. mwisho. s. xiii ex. ni mwishoni mwa karne ya 13, yaani miaka ya 1280 au 1290 hivi. Watu wengi wanakosea wanasoma xiii kama miaka ya 1300.

Kwa nini msipime kwa maabara tu?

Kipimo cha kaboni kinafaa sana pale ambapo mwandiko haukusaidii. Injili za Abba Garima kule Ethiopia zilikuwa zikikadiriwa kuwa za karibu karne ya 11, kipimo kikaonyesha ngozi ni ya kati ya karne ya 4 na ya 7. Huo ni mtikisiko mkubwa. Lakini kwa mswada wa Ufaransa wa karne ya 14 kipimo kitakupa upana wa miaka ambao mwandiko unaushinda, alafu kinapima ngozi, hakipimi siku ya kuandikwa. Kingine kizuri ni kupima protini za ngozi kwa vumbi linalobaki ukifuta taratibu na kifutio, unajua ni ya ndama, kondoo au mbuzi bila kukata chochote.

Maandishi yaliyomo mnayatambuaje?

Kwa maneno ya mwanzo na ya mwisho, ambayo katalogi inayanukuu jinsi yalivyo, makosa ya mnakili yakiwemo. Usiamini kichwa cha habari kilichomo kwenye mswada. Zama za Kati kila hotuba nzuri ilipewa jina la Augustino au Bernardo hata kama iliandikwa na mtu mwingine kabisa, kwa iyo mtu wa katalogi anaandika "inasemwa ni ya Augustino" alafu anatafuta maneno ya mwanzo kwenye faharasa na databezi. Nukuu mwanzo wa dibaji na mwanzo wa kitabu chenyewe, vyote viwili, kwa sababu dibaji zilihamahama. Na nukuu ya kutosha, maneno matatu hayatoshi kumsaidia mtu.

Lazima nijue Kilatini?

Kwa miswada ya Ulaya magharibi, ndiyo, hakuna njia ya mkato. Hata miswada ya Kifaransa au Kijerumani ina maelezo ya pembeni na majina ya wamiliki kwa Kilatini. Na Kilatini chenyewe kimeandikwa kwa vifupisho, mstari mmoja wa kitabu cha chuo kikuu cha karne ya 13 unaweza usiwe na neno hata moja lililoandikwa kamili. Kamusi ya vifupisho ya Adriano Cappelli ilitoka 1899 na bado iko mezani kwa kila mtu.

Ukishaweza Kilatini jifunze pia kusoma Kijerumani, manake sheria kali zaidi za kazi hii ziko huko. Shirika la utafiti la Ujerumani lina mwongozo wake wa kukatalogi, toleo la tano ni la 1992, unaeleza mpaka mpangilio wa kila aya.

Historia ya umiliki inatafutwaje?

Kwa kutazama kila kona: sahihi, nembo, bei za wauza vitabu, namba za zamani kwenye uti, na hasa pale palipokwanguliwa. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Codex Amiatinus, Biblia nzima ya Kilatini iliyoko Firenze, Italia, ina uzito wa zaidi ya kilo 30. Ilikaa karne nyingi kwenye monasteri ya Monte Amiata na watu waliihesabu kuwa ya Italia. Ukurasa wa kuwekwa wakfu una jina la abati mmoja Petro wa Walombardi, ila jina hilo limeandikwa juu ya pengo lililokwanguliwa. Miaka ya 1880 wasomi wakatambua kwamba chini yake palikuwa na jina la Ceolfrith, abati wa Wearmouth na Jarrow kaskazini mwa Uingereza, aliyeondoka 716 akiipeleka Biblia hii Roma akafia njiani. Maneno machache yaliyofutwa yamehamisha Biblia kutoka nchi moja kwenda nyingine.

Upande wa pili wa shilingi ni huu. Mwaka 1841 Guglielmo Libri aliteuliwa katibu wa tume ya kuandaa katalogi ya jumla ya miswada ya maktaba za umma Ufaransa. Alizunguka maktaba za mikoani akiwa na kibali mkononi na akaiba. Baadhi ya miswada aliiandikia alama bandia za umiliki za Italia ili ionekane haijatoka Ufaransa, mwaka 1847 akauza mkusanyiko mkubwa kwa Earl wa Ashburnham, na 1848 akakimbilia London. Léopold Delisle wa maktaba ya taifa Paris ndiye aliyetumia miaka mingi kulinganisha foli, vipimo, vitita na orodha za zamani mpaka akaonyesha kila kitu kimetoka wapi, na mwaka 1888 sehemu kubwa ikarudishwa Ufaransa. Aliwezaje? Kwa maelezo yaliyoandikwa na wengine kabla yake. Maktaba ambayo haikuwa na maelezo haikuwa na cha kudai.

Ukikuta namba iliyoandikwa Phillipps, hiyo ni ya Sir Thomas Phillipps, mkusanyaji Mwingereza aliyefariki 1872 akiwa na miswada karibu 60,000, na kuuzwa kwa miswada hiyo kuliendelea zaidi ya miaka mia moja. Iandike daima, inakufungulia mlolongo wa minada.

Nina foli moja tu iliyokatwa kutoka kitabu, nayo inastahili katalogi?

Inastahili sana. Karne ya 20 kuna watu walinunua miswada mizima wakaikata na kuuza foli moja moja, anayejulikana zaidi ni Otto Ege wa Cleveland, Marekani, aliyefariki 1951. Aliamini anawafikishia watu wa kawaida uzuri huo, mimi nasema hasara ni kubwa mno. Kitabu cha misa cha Beauvais cha mwishoni mwa karne ya 13 kilikuwa kizima mpaka 1942, leo foli zake zimetawanyika, na watafiti wameshatambua zaidi ya mia moja kwa kufuata vipimo, idadi ya mistari na mapambo. Kila foli iliyoelezwa vizuri ni hatua moja kuelekea kukirudisha angalau kwenye skrini. Uswisi kuna maabara ya kidijitali ya vipande inayoitwa Fragmentarium inayofanya kazi hiyohiyo.

Ukiwa na foli basi toa vipimo, mistari, safu, picha ya pande zote mbili, na uandike uliipata kwa nani. Na usikate kitabu, hata kama ni kibovu.

Nivae glavu?

Kwa kawaida hapana. Mikono safi na mikavu ni bora, glavu za pamba zinakuondolea hisia ya vidole na unaweza kuchana foli. Kwa picha na kwa majalada ya chuma fuata utaratibu wa chumba cha kusomea.

Siku hizi picha ziko mtandaoni, katalogi bado ya nini?

Huwezi kutafuta kitu ndani ya picha. Uswisi kupitia maktaba ya mtandaoni ya e-codices wamekuwa wakiweka miswada mtandaoni tangu 2005 kwa ubora wa juu sana, na jambo walilolifanya vizuri ni kuweka maelezo ya kitaalamu pamoja na picha, kwa sababu picha elfu tano bila maelezo hazikwambii mswada upi una kalenda ya Becket. Pia picha haionyeshi unene wa ngozi, uzi wa kitita, mfereji wa ncha kavu wala alama ya maji.

Na mtandao unaanguka. Oktoba 2023 British Library ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni na miswada yake ya kidijitali ikatoweka kwa wasomaji kwa muda mrefu. Waliokuwa na katalogi za kuchapwa waliendelea kufanya kazi.

Hii haina maana tukatae kompyuta. Maktaba za Oxford na Cambridge zinaandika maelezo yao kwa TEI, mfumo wa kuweka alama kwenye maandishi ya kompyuta, ambao una sehemu maalumu ya kila kitu nilichoeleza hapo juu, na faida yake ni kwamba mtu anaweza kutafuta miswada yote ya karne ya 12 yenye safu mbili na mistari 40. Programu za kusoma mwandiko nazo zinasaidia kutambua maandishi haraka. Ila mara nyingi programu inakupa jibu bila kukwambia ina uhakika kiasi gani na kwa ushahidi upi, na kama nilivyosema mwanzo hapo ndo kazi yenyewe ilipo, kwa iyo kilichotoka kwa programu kiandikwe hivyo mpaka mtu akihakiki.

Maelezo yawe marefu kiasi gani?

Inategemea mswada na nguvu ya maktaba. Kitabu cha Sala za Saa cha kawaida kinaweza kuenea kwenye ukurasa mmoja, mkusanyiko wa hotuba 200 zisizojulikana utakula kurasa nyingi na miezi. Mimi naona bora maktaba iwe na maelezo mafupi ya miswada yote kuliko marefu ya michache, alafu iongeze taratibu. Mswada usiokuwepo kwenye orodha yoyote hakuna anayejua auulizie.

Sheria hizi zinafaa kwa miswada isiyo ya Kilatini?

Msingi ndo huohuo: pima, hesabu vitita, nukuu mwanzo na mwisho, tenganisha ulichoona na unachodhani. Mengine yanabadilika. Sheria ya Gregory ya manyoya na nyama haifuatwi kila mahali, miswada ya Kiarabu mara nyingi ina vitita vya foli kumi na ina mambo ya vyeti vya kusomewa na kuruhusiwa kufundisha ambayo yanahitaji mtaalamu wake, na ya Ethiopia ina majalada ya mbao na namna yake ya kushona. Usichukue fomu ya Kilatini ukailazimisha.

Nimekuta kosa kwenye katalogi ya maktaba, nifanyeje?

Waandikie mkutubi wa miswada. Taja namba kamili ya mswada, foli na upande, eleza katalogi inasemaje na wewe umeona nini, weka picha kama unaruhusiwa, na kama ni swala la kutambua maandishi weka maneno ya mwanzo na mahali yalipochapishwa. Usiandike tu "tarehe si sahihi", sema kwa nini. Maktaba nyingi zinashukuru na zinaongeza taarifa yako kwenye maelezo ya mtandaoni ikiwa na jina lako na tarehe. Na omba yale ya zamani yasifutwe, yaachwe yaonekane pamoja na yako, ili atakayekuja aweze kuwapima wote wawili.